Nilichagulia tata treni sawa vile tunachaguaka misumari

Mi njo nilikosa. Hapana kunitafutia sababu, hapana kuniandikia "pole ndugu" pale chini. Pole ya nini? Musome mpaka mwisho, kisha munitukane.

Niko mucuruzi hapa Butembo, nauzishaka misumari, kufuli na mabati. Maisha yetu ni container. Kama vitu mbili vinafanya kazi moja, unachukua chenye kinakula nafasi kidogo. Njo akili tulikomalaka nayo. Na mi nikaiingiza mpaka mu nyumba ya tata yangu, baba mwenye kunizaa. Zoba mukubwa!

Tata alitumikaka ku reli miaka mingi, kule Kisangani. Alikuwaka chef wa gare mu kituo kidogo chenye leo ni majani tu. Huku kwetu batoto hawajaona treni hata moja. Basi dada yangu wa Ulaya akamutumia wagon moja ya mufano, ya plastiki, urefu wa kiganja. Muzee akaamuka! Akaiweka ku meza, akapima mulango yake, akapima ngazi, akaanza kuchonga mbao ya grevilia kufuatana nayo. Miezi nane. Gare na madirisha yake, quai pahali abiria banasimamaka, saa ku ukuta, batu saba banangoja na mizigo. Macho yake ilikuwa tayari na ukungu, alikuwa anachonga tu na mwangaza ya saa sita.

Akaniambia: "Nitafutie locomotive na reli. Niione inasimama hapa, kabla macho yangu haijafunga."

Ile tu njo alitaka.

Mutu mwenye kutununuliaka vitu kule China akaniuliza: "Échelle gani, ile kipimo ya udogo? HO ao N?" HO ni moja kwa makumi nane na saba. N ni moja kwa mia moja na makumi sita, donc ndogo zaidi. Bibi yangu, mama ya batoto wangu, akasema: "Uliza muzee. Ao pima ile wagon, iko pale ku meza."

Nikamujibu mubaya: "We unajua nini ku mambo ya container?"

Carton ya N ilikuwa nusu ya ingine. Treni ni treni, si ndiyo? Nikaandika N. Ile meza ilikuwa hatua kumi na kiti yangu. Hatua kumi, bandugu! Sikusimama.

Carton ikapita mupaka ya Kasindi, ikafika siku ya Mungu, kisha misa. Nikaita mpaka bajirani, juu ya kujionyesha. Tata akatosha locomotive mu carton, ndogo sawa kidole yake. Akaiweka kando ya quai. Bale batu wa mbao, juu ya quai, balipita paa ya treni! Bajirani bakacheka.

"Hii ni ya panya?" tata akauliza, naye anacheka.

Yeye hakukasirika. Mi njo nilikasirika. Nikamulalamikia mbele ya batu bote: "Gare yako njo mubaya! Chonga ingine, ndogo!"

Na akajaribu. Pale njo panaumaka. Muzee wa miaka makumi nane, anainamia kipande ya mbao sawa kiberiti, kisu inamukata kidole, damu inatiririka ku suruali. Siku ya tatu akaweka kisu chini. "Macho yangu haifike pale, mutoto wangu."

Munazani nilijuta? Aa-aa! Kila mara nilikuwa naona ile gare, nilikuwa nasikia bajirani banacheka. Asubuhi moja makala ya kupikia ikakosa. Nikachukua gare, na quai, na bale batu saba, nikatia yote mu mbabula, ile jiko yetu. Maharagi ikaiva muzuri. Tata naye alikula. Alipouliza, nikamwambia gare iko ku dépôt, inangoja.

Kisha roho ikaanza kunisumbua. Nikaagiza HO. Ilikawia miezi mingi, na ukungu ikafunga macho yake yote mbili. Ilipofika, nikapanga reli ku meza, nikaunga ku batterie ya panneau ya jua. Ikatembea! Tata akasikia, uso yake ikafunguka, akazani nilisharudisha gare ku meza.

"Inakaribia gare?"

"Ndiyo, tata."

"Simamisha pale."

Nikasimamisha. Akanyoosha mukono pahali gare ilikuwaka, anatafuta paa. Akapapasa meza. Akapapasa tena, mbali zaidi. Bibi yangu akatoka inje.

"Gare iko wapi?"

Nikasema yote. Makala, mbabula, maharagi. Hakunilaani. Heri angenilaani!

"Na bale batu wangu saba?"

"Nabo, tata."

Akavuta mukono yake, akaiweka ku magoti. "Zima ile kitu."

Hajauliza ile treni tena mpaka leo.

Sasa we mwenye unataka kuanza mambo ya treni za mufano, unazunguka unauliza batu HO ao N, hapana kuniuliza mi! Uliza mikono ya nani itaishika, macho ya nani itaiangalia. Na kama mutu alishaanza kuchonga, simama ku kiti yako uende upime. Locomotive yangu ya HO ilitembea mara moja tu, ingali mupya. Hapana kunituma message eti unaitaka. Siuzishe, sitoe. Itabakia pale ku meza, niionake kila siku kwa niaba ya ule mwenye haione.