Simba wa Ghorofa ya Kumi

Siku ile haijanitoka kichwani, mwanangu, na wala siombi initoke. Ulikuwa mwaka wa Kombe la Dunia, Johannesburg nzima inapakwa rangi, na mimi, binti wa Buyenzi kule Bujumbura, nilikuwa fundi plasta, mwanamke pekee kwenye jengo zima tulilokuwa tukilikarabati.

Jengo lenyewe lilikuwa la zamani, ghorofa kumi. Mifupa yake chuma, lakini nje wamelivisha kizamani zaidi: nguzo za Kiyunani mlangoni, maua ya mawe madirishani, vichwa vya simba kule juu kabisa. Waliolijenga walijua watu hawajazoea majengo marefu, basi wakalipatia sura ambayo macho yameizoea. Sasa kichwa kimoja cha simba kilikuwa kimevunjika. Mwenye jengo akasema tukishindwa kutengeneza kinachofanana, atabomoa mapambo yote, asawazishe ukuta, na sisi kwaherini.

Msimamizi wetu, Papa Ilunga wa Lubumbashi, akanipa mimi kazi ile. Nikaanza kulainisha mashavu, nachora manyoya unywele mmoja mmoja. Akaja juu! "We mama, unamtengenezea nani, njiwa? Watu wako chini barabarani. Chimba macho! Kivuli ndicho kitakachomchora."

Nikachimba. Eish, akatoka simba wa ajabu, macho mashimo, pua kama kiatu. Wenzangu walicheka mpaka wakakaa chini. Mwenye jengo alipomwona pale sakafuni akatikisa kichwa, akaagiza nyundo ziletwe. Roho iliniuma, lakini sikunyamaza.

"Bosi, huyu si wa sakafuni. Mpandishe kwanza, kisha umtazame kutoka kule kwenye robot, kwenye taa za barabarani, magari yanaposimama."

Wakampandisha kwa kamba. Tukavuka barabara wote. Jua la asubuhi likampiga ubavuni, macho yakaingia giza, na simba akaamka, mwanangu! Hukuweza kumtofautisha na wenzake. Wauza nyanya wa kando ya barabara wakapiga vigelegele, Papa Ilunga akaninyanyua juu juu, na mwenye jengo akasema mapambo yanabaki, yote. Nililia kwa furaha, sikuona haya hata kidogo.

Basi wewe uliyezaliwa hapa, nikikusemesha Kiswahili unanijibu Kizulu, nisikie. Mtu akiicheka kazi yako kabla haijafika mahali pake, usiivunje, wala usinyamaze. Dai ipandishwe, halafu mwambie asimame pale inapotakiwa kutazamwa. Mungu akupandishe, mwanangu, akusimamishe imara, na mji huu uinue shingo kukutazama.