Mbegu za Shangazi Forodha

Shangazi yangu watu wanamwita Forodha, kwa sababu kwake hakipiti kitu bila kukaguliwa. Mbegu zake za maharage hukaa chini ya kitanda, ndani ya madumu, zimechanganywa na majivu. Marehemu mumewe alikuwa akisema kwamba analala pale kwa ruhusa ya maharage.

Baada ya ukame, kijiji kizima tuliishiwa mbegu. Za dukani zilikuwepo, zimepakwa dawa nyekundu kama kucha za bibi harusi, lakini kwenye udongo wetu zilitoa majani matupu. Maharage yanayokubali ni yale ya madoa ya shangazi. Basi watu wakajipanga uani kwake. Kila mmoja alipewa bakuli moja, akivuna arudishe mawili, na kabla ya kupewa ilibidi asimame kimya shangazi akiuchambua ukoo wake.

Mimi nilikaa nyuma kabisa. Msimu uliopita alinipa bakuli la mbegu, tukazipika.

"Wewe, njoo hapa," akaniita. "Mbegu nilizokupa ziliota?"

"Hapana, shangazi."

"Ulizipanda wapi?"

Nikatazama vidole vyangu vya miguu. Jirani yangu fundi baiskeli, ambaye hakuna aliyemuuliza, akadakia, "Kwenye sufuria! Tena na nyanya!"

Watu walicheka mpaka kuku wakatawanyika. Ningeondoka, lakini mvua ilishaanza, shamba lilishalimwa, na nyumbani nina watoto wanne. Bila mbegu zile hatukuwa na mavuno.

"Tulikuwa na njaa, shangazi," nikasema. Sijawahi kumwambia maneno mengi kiasi hicho.

Akanikazia macho. "Sasa una njaa, unaomba mbegu za nini? Si ungesema! Ya kula ninayo, yale yaliyotobolewa na wadudu. Mjinga kama baba yako!"

Akajaza bakuli, lakini hakunipa. "Tangulia na jembe."

Shambani mimi nilichimba mashimo, yeye akadondosha mbegu mbili mbili, na matusi kila shimo. Tulipofukia mstari wa mwisho akakung'uta bakuli.

"Haya, kapike tope."

Kisha akanituma kwake nikachukue debe la yale yaliyotobolewa, ili kesho asije akatukuta tunafukua.