Msiba wa Seva

Miaka ya elfu mbili nilikuwa fundi kompyuta pekee wa kampuni ya korosho, tawi la Mtwara, na fundi pekee maana yake printa ikikwama ni wewe, feni ikipiga kelele ni wewe, na bosi akisahau neno lake la siri ni wewe pia, tena unalaumiwa. Hayo niliyazoea. Kilichonitoa roho ni seva ya barua pepe.

Seva yenyewe tuliuziwa na kampuni moja ya Dar. Ikajaa, kwa sababu watu wetu wa kukagua ubora walikuwa wakitumiana picha za korosho moja moja kama vile wanazitafutia wachumba. Bosi, bila kuniuliza, akanunua kwa kampuni nyingine ya huko huko programu ya kuhifadhi. Seva inapokea barua, programu inazihamishia kwenye diski zake za pembeni. Tukaishi nayo vizuri mpaka Jumatano moja seva ilipogoma kuamka, ikidai haizioni barua zake.

Nikawapigia wenye seva. Kijana mpole akanisikiliza mpaka mwisho, akasema wao hawashughulikii seva yenye programu ya watu wengine. Niing'oe kwanza, ndipo wanisaidie. Nikamwambia barua zote zimo humo humo. Akasema ananielewa. Nikawapigia wenye programu. Aliyepokea naye mpole. Akasema programu yao ni nzima, tatizo liko kwenye seva, na seva si yao. Naye ananielewa. Jamani, sijawahi kueleweka kiasi kile katika maisha yangu. Mpaka wa huduma, ndivyo walivyouita wote wawili. Mimi kwetu Kitaya, kijiji cha mpakani, mpaka naujua. Ni mto, ng'ambo yupo shangazi yangu, na akipika tunavuka.

Ningeweza kugombana nao hadi wiki ya pili, ila katibu muhtasi wetu hakuwa na wiki ya pili. Alikuwa dada wa Kipare, mkubwa kwangu sana, amepanga hapa mjini mtaa wa Rahaleo miaka na miaka huku mumewe akifundisha Moshi. Kila mwaka aliomba uhamisho, kila mwaka akaambiwa avute subira. Sasa mtu wa makao makuu alikuwa amemnong'oneza kwenye simu kwamba nafasi ya Moshi imepatikana. Barua imetumwa kwenye anwani yake ya kazini, na asipoijibu kwa anwani hiyo hiyo kufikia Ijumaa jioni, nafasi anapewa mtu mwingine. Barua ilikuwa imeshaingia. Ilikuwa ndani ya zile diski, chini ya meza, karibu kabisa na miguu yake.

Ijumaa mchana nilikuwa nimefoka mpaka sauti imekauka. Yule kijana wa seva aliposema tena kwamba ananielewa, nikamjibu neno ambalo mama yangu hajui kama ninalijua. Dada akaninyang'anya simu. Alikuwa ameshaisikia lafudhi ya kijana ikivuja kwenye mkonga, akamuuliza kwao ni Rombo au Machame. Machame, akasema kijana. Dada akavuta pumzi ndefu, akaangua kilio.

"Mtani wangu, seva imetutoka. Ninyi Wachaga mko huko mnafungua maduka, na maiti iko hapa haijapata wa kuiosha."

Mpare na Mchaga ni watani, na msibani kazi za watani haziepukiki. Mtani ukimkasirikia unachekwa, ukimkimbia unasemwa mpaka kwenu. Kijana akacheka, akakohoa, akasema mama, kazini kuna taratibu. Dada akamwambia aje na taratibu zake azisome kaburini. Akavua kanga ya mabegani akaifunika seva. Kilio kikapanda. Mlinzi akaingia kofia mkononi. Wapakiaji wa ghalani wakaja na mkeka, na mama wa kantini akaniuliza pembeni kama marehemu anazikwa hapa hapa au anasafirishwa. Nikamwambia anasafirishwa. Ningesema nini?

Hatimaye kijana akaongea, taratibu. "Huyo mwenye programu, unaweza kumpata?"

Nikampigia wa pili kwa simu yangu ya mkononi, nikaigeuza kichwa chini, nikaibana na mkonga wa simu ya mezani, mdomo kwa sikio. Wakakutana. Unajua walianza na nini? Salamu. Wakaulizana kazi, wakaulizana mvua, na mimi nimewashikilia mikono miwili. Nilitamani kuwang'ata. Ndipo wakaanza kuulizana ya maana, ikaonekana seva inaamka kabla ya programu, inatafuta barua, haioni kitu, inalala tena. Programu ilitakiwa itangulie. Basi, ni hivyo tu. Kila mmoja akasisitiza kwamba wakubwa wake wakiuliza, si yeye aliyesema. Nikambebesha mlinzi simu hapo pembeni yangu, nikabadilisha mpangilio, nikawasha upya, na barua zikaanza kushuka, korosho kwanza.

Ya Dada ikaja nyuma ya korosho zote. Akaisoma kidole kikiwa kwenye kioo cha kompyuta, mstari kwa mstari. Kisha akakaa chini na kulia tena.

Kule Dar wakacheka. Kijana wa Machame akasema, "Mtani, tumeshazika, nyamaza sasa tule."

Mimi sikucheka nao. "Huyu halii utani tena," nikawaambia. "Anakwenda kwa mumewe."

Dada akajaribu kuandika, vidole vikamgomea, akafuta, akaanza upya. Saa za kazi zilikuwa zinakwisha na niliogopa simu zitakatwa, seva ianguke tena jibu likiwa halijaondoka. Yule wa programu ndiye aliyeuliza kama wabaki. Mwenzake akasema hata yeye yupo. Wakabaki kwenye simu, hakuna aliyesema si kazi yake, mpaka Dada alipoandika neno moja, Nakubali, na mimi nikawaambia limeondoka.