Nilivyomcheka Nesi wa Nyonga

Nakumbuka asubuhi ile Musoma, mwanangu, nimelala wodini na nyonga imevunjika, niliteleza kwenye matope kwangu Nyegina. Nilikuwa bibi tayari, ila akili bado ya kisichana. Kitanda cha jirani alikuwepo Mama Nyamisi wa Bunda, naye nyonga. Tunasubiri upasuaji wote.

Akaja nesi kutufundisha, kasauti kembamba kama kifaranga: "Bibi zangu, mkishawekewa nyonga ya chuma, kesho yake mnasimama!"

Nikamwigiza: "Kesho yakeee mnasimamaaa!" Wodi nzima ikacheka. Kwetu ukivunjika, muunga mifupa anakufunga vijiti, unalala mpaka mfupa ushike. Nikasema huyu mtoto amesoma mpaka amepitiliza.

Mama Nyamisi hakucheka. Akauliza kwa lile sauti lake zito: "We nesi, itauma?"

"Itauma, mama."

"Sasa nitajuaje haijavunjika tena?"

Wakaongea weee. Mimi nikajifanya nakoroma.

Tukapasuliwa. Kesho yake nesi akaleta kile chuma cha kushikilia ukitembea. Mama Nyamisi akakishika kwa mikono miwili, akasimama: "Aliniambia itauma hivihivi." Mimi nilivyogusa tu sakafu, nikapiga yowe: "Mmeniua! Imeachia!" Nikarudi kitandani, nikagoma siku ile na zilizofuata. Maumivu yaleyale, mwanangu. Mwenzangu alishaelezwa kwamba kuuma si kuvunjika, mimi yakanikuta sijui kitu.

Yeye akarudi Bunda anatembea. Mimi nikabaki, mguu unakakamaa, mgongo unachubuka, nalia kwamba shamba langu silikanyagi tena. Nikamwita nesi. "Mjukuu wangu, nianzishie upya yale mafunzo." Hakuninunia, maskini. Akavuta kiti, akaanza mwanzo kabisa, na siku hiyo nikasimama. Ila nilichelewa sana kupona. Mama Nyamisi ananipigiaga simu: "Mimi natoka mnadani, wewe umefika wapi?" Ana maringo yule!

Basi wewe unayepeleka mama yako kupasuliwa, kaeni wote mfundishwe kabla ya kisu. Ulizeni itauma vipi, atasimama lini, kigoda cha jikoni akae au asikae. Uliza hata lile unaloona la kijinga. Ukiona aibu niite mimi, nitauliza kwa sauti yako, hawatajua.

Mungu akupe masikio kabla ya maumivu. Amwinue mama yako kitandani, aje kunisalimia kwa miguu yake mwenyewe.