Nilivyomaliza Nafasi Zote kwa Kumtafuta Kuhe

Mpaka leo nikipita Kibirizi kuna mama mmoja ananiita "Kikomo", na sina ubishi, jina nililitafuta mwenyewe.

Si mnajua nafanya kazi maabara ya samaki, Bangwe, hapa Kigoma. Sasa shangazi yangu, Mama Zubeda, na kikundi chake wanasaga unga wa dagaa wa Ziwa Tanganyika, wa kutia kwenye uji wa watoto, na mnunuzi wao mkubwa kutoka Dar akaja juu, eti wamechanganya dagaa wa Ziwa Victoria, kwa hiyo anavunja mkataba. Unga ni unga, kwa macho utabisha nini? Nikadakia, shangazi tulia, tutapima vinasaba! Tukapima, nikapata msururu wa herufi, ikabaki kuulinganisha na hazina ya vinasaba ya mtandaoni, mbele ya wote, mnunuzi akiwemo, kwa projekta (mikogo yangu hiyo, hakuna aliyeniomba).

Ile hazina ina madaraja. Mtafiti anatafuta atakavyo, bure, ila ajaze fomu ndefu na kuambatisha barua ya mkuu wake. Mgeni anajisajili dakika moja tu, anapewa nafasi tano kwa siku. Nikasema fomu ya nini, mimi nahitaji mara moja tu. Nikaingia kama mgeni.

Asubuhi ukumbi umejaa, nikaona niwachangamshe. "Tajeni samaki yeyote niwaonyeshe ukoo wake!" Wee! Kuhe, mgebuka, sangala, ngege, mwingine huko nyuma akang'ang'ania singa, makofi mpaka madirishani. Ndipo nikabandika herufi za unga wetu, nikabonyeza kwa madaha, ukutani yakatokea maandishi mekundu ya Kizungu, na mnunuzi akatusomea kwa sauti: "Umefikia kikomo cha leo."

Akacheka, akachukua mkoba wake. Shangazi akaninong'oneza, "Mwanangu, umetuua." Jamani, nilitamani ardhi inimeze! Machozi yananilenga, nikaona maandishi madogo chini: hesabu huanza upya saa sita usiku, kwa saa za kwao huko ng'ambo. Nikahesabu kwa vidole, kwetu ni saa tano asubuhi. Bado dakika arobaini!

"Shangazi, asiondoke!"

Akamwahi mnunuzi mlangoni. "Baba, utatokaje kwangu na njaa?" Akamkalisha, ukaja ugali wa muhogo na mgebuka wa mawese, na nani anaacha mgebuka wa mawese njiani? Saa tano inafika bado anafyonza kichwa. Nikabonyeza.

Dagaa wa Tanganyika! Wa Victoria hata chembe! Vigelegele vilifika mpaka kwenye mitumbwi, shangazi akanibeba juujuu mbele za watu (mimi na kilo zangu hizi), na mnunuzi, mawese mpaka viwikoni, akasema, "Mama, nisamehe. Safari hii niongezee magunia."

Mchana huohuo nilijaza ile fomu ndefu yote, na barua ya mkuu nikaambatisha. Siku hizi natafuta bila kikomo, lakini nimeapa: kwanza unga wa watu, kuhe baadaye.