Jiwe Lililolala Majini

Kaka yangu alilileta lile gurudumu la kunolea kwa lori kutoka Makambako, baridi ilipokuwa inaanza. Enzi zile za Mwingereza tulikuwa mafundi seremala wawili pale Njombe, na tulikuwa na kazi ya milango ya kanisa. Lilikuwa jiwe pana kama sinia, limefungwa kwenye fremu, nusu yake ndani ya beseni la maji. Ulilizungusha kwa kukanyaga ubao.

"Mdogo wangu, achana na hicho kinoo," aliniambia. "Patasi inayokula asubuhi yako nzima, hapa naimaliza mara moja."

Ni kweli aliimaliza. Mimi nilibaki na kinoo changu cha mtoni, nikisugua polepole, kwa sababu niliyaamini makali yake.

Juni umande ulianza kuganda alfajiri, nyasi zikawa nyeupe. Asubuhi moja nikakuta maji ya beseni yameganda, yamelishika jiwe.

"Kaka, tuwe tunamwaga haya maji jioni, yakiganda yatalipasua jiwe."

"Jiwe linaogopa baridi?" Akacheka, akapasua barafu kwa nyundo.

Baada ya siku chache nililigonga kwa mpini wa patasi. Awali lililia kama kengele. Sasa lilitoa sauti nzito, kama chungu chenye ufa. Nilimwita asikilize. Alipapasa pande zote mbili, mimi pia nikapapasa, hatukuona kitu. Lakini tangu siku hiyo nilikuwa nikipita mbali nalo.

Siku ile goti lilikuwa linamuuma. Alishika kisu cha randa, akaniita. "Njoo unikanyagie."

Nilisita. Akaniangalia tu, naye ni mkubwa wangu. Nikakanyaga.

"Ongeza!"

Nikaongeza. Nilihisi ubao ukitetemeka chini ya unyayo, nikataka kusema. Jiwe likapasuka. Kipande kimoja kilitoboa ukuta wa mbao. Kingine kilimpiga mkononi, akakaa chini bila kulia, akiutazama.

Kwenye hospitali ya misheni waliokoa uhai wake, mkono haukurudi. Alihamia shambani, akalima viazi kwa mkono mmoja.

Miaka mingi baadaye nilijaribu kuomba radhi. Akanikatiza: "Mimi ndiye niliyesema ongeza."

Hatukulizungumza tena. Ila shemeji yangu, mkewe, hadi leo hajawahi kula chakula nyumbani kwangu.