Mgongo wa Mama Mkwe Kwenye Kizuizi cha Mbung'o

Siku yangu ya kwanza kazini Bwana Mbung'o hakunisalimu. Alinizunguka. Akaja akasimama nyuma yangu, mimi nimekakamaa mbele kama mtu anayepimwa koti kwa fundi, na nilipotaka kugeuka akanikataza.

"Mgongoni mwako kuna mbung'o," alisema kwa Kiswahili chake cha kufaulia mtihani wa serikali. "Umembeba tangu bondeni, wala huna habari. Kuanzia leo usimwamini mtu yeyote anayekuja kwa njia hii."

Ninyi vijana huenda hamkuwahi kuisikia kazi hiyo. Mbung'o ni yule inzi anayeng'ata na kuleta malale kwa watu na nagana kwa ng'ombe. Bwana Mbung'o alikuwa mzungu wa serikali aliyekabidhiwa vita hivyo, na sisi wakaguzi tulikuwa askari wake. Vita vya Hitla vilikuwa bado. Kizuizi chetu kilikuwa kwenye njia inayopanda kutoka bonde la Momba kuja Chapwa na Tunduma: gogo lililolazwa barabarani, banda la nyasi, na nyumba za udongo za wafanyakazi. Chini kulikuwa na mbung'o, juu kulikuwa na ng'ombe wa watu, na katikati tulikuwa sisi na nyavu zetu.

Kazi yenyewe ilifanywa hivi. Mbung'o hufuata kitu kinachotembea, na hupenda kutua nyuma: mgongoni, kwenye mzigo, chini ya kiti cha baiskeli, hasa penye nguo nyeusi au ya buluu. Kwa hiyo msafiri alisimama, akatua mzigo, akageuka. Mkaguzi alimpitishia wavu wenye mpini mrefu kuanzia mabegani hadi visiginoni. Inzi akipatikana anatiwa kwenye chupa, naye mzima, apelekwe boma kutazamwa kwa darubini. Baiskeli ilipinduliwa matairi juu. Lori liliingizwa kwenye banda la giza lililoachwa tundu moja la mwanga, na kwenye tundu hilo tulitega mtego, kwa sababu mbung'o akiwa gizani hukimbilia mwanga.

Kulikuwa na somo moja ambalo Bwana Mbung'o alilirudia kila alipofika: mtazame anayeacha njia. Mtu akiliona gogo akakata kona kuingia porini, huyo ana jambo. Somo hilo liliniingia sawasawa. Baada ya muda sikuona tena watu, niliona migongo, na kila mgongo niliudhania mabaya.

Watu nao walitudhania mabaya zaidi. Madereva wa kutoka Rodesia walileta habari za banyama, yaani watu wanaodaiwa kuwakamata wenzao porini na kuwanyonya damu ya kutengenezea dawa za wazungu. Sasa tutazameni sisi: kaptula za kaki, nyavu, chupa zenye inzi waliovimba damu, na mzungu anayekuja kuzichukua. Akina mama wa Momba walipita kwetu wameshikana mikono, wengine wanaomba Mungu kwa sauti. Siwalaumu. Ningekuwa wao, hata mimi nisingepita.

Mimi ni Mnyiha, kwetu ni upande wa Mlowo. Mke wangu Namwinga ni Mnamwanga wa huko huko Momba. Nyumba yetu ilikuwa karibu na gogo kiasi kwamba nikiwa kazini nilisikia mfuniko wa chungu ukifunguliwa, lakini kula chakula kikiwa cha moto ilikuwa bahati. Wasafiri walipita hata Jumapili, na alipopita msafiri mbung'o naye alipita. Kanisani Namwinga alikwenda peke yake, akarudi na maswali.

"Leo umekagua wanawake wangapi?" aliniuliza siku moja.

"Sihesabu."

"Mbung'o unawahesabu."

Nilicheka, yeye hakucheka. Ubaya ni kwamba kazi nilikuwa nimeileta mpaka ndani. Aliporudi mtoni na mtungi, nilijikuta nimeshazunguka nyuma yake nikimtazama kitenge. Alitua mtungi, akanigeukia.

"Mimi ni mkeo, si lori," alisema.

Mwenzangu kazini alikuwa Kibona, Mndali wa milima ya Ileje, mpole, mtu wa sala. Nilimshuku tangu mwanzo. Bwana Mbung'o alikuja mara kadhaa akijua mambo ambayo ni sisi wawili tu tuliyajua, na siku moja aliniambia wazi kwamba amesikia ndugu wa mke wangu wanapita bila kukaguliwa. Uongo mtupu! Shemeji zangu niliwapitishia wavu mara mbili mbili, nisije nikasemwa, hadi mmoja akaapa hatakanyaga tena kwangu. Nani alipeleka maneno hayo? Kama si Kibona, basi gogo lilikuwa na mdomo.

Aliyekuwa hajawahi kupita ni mama mkwe wangu tu. Hapo lazima nieleze. Kwa Wanamwanga wa wakati ule, mkwe wa kiume na mama mkwe hawakutazamana usoni, hawakugusana, hawakusemezana isipokuwa kwa kupitia mtu mwingine. Wakikutana njiani, mmoja aliingia pembeni akajificha mpaka mwenzake apite. Heshima hiyo hufunguliwa kwa sherehe, na sherehe yangu ilikuwa haijafanyika, kwa sababu ilinibidi nikakae Momba siku kadhaa, na kila nilipoomba ruhusa Bwana Mbung'o aliuliza, "Unakwenda kufanya nini hasa?" Nikimweleza, alinitazama tu. Ruhusa haikutoka.

Ndipo Namwinga akajifungua mtoto wetu wa kwanza, Ana. Mama yake akatuma salamu kwamba anakuja kumwona mjukuu. Nilipanga na Kibona vizuri: siku hiyo yeye ashike wavu, mimi niwe nyuma ya banda. Akakubali. Lakini asubuhi hiyo hiyo, kabla jua halijakaza, lori la Bwana Mbung'o likatokea bila taarifa. Akamwita Kibona wakaufungue mtego wa bandani, na mimi akaniamuru nisimame barabarani na wavu.

Mama mkwe akatokea kwenye kona, amevaa kaniki, kikapu kichwani. Nilimtambua kwa mwendo wa binti yake. Nikageuza uso upesi, kama inavyopasa. Naye aliponiona alifanya kile ambacho mwanamke mwenye adabu zake alipaswa kufanya: aliacha njia, akaingia kichakani, akachuchumaa akinisubiri niondoke.

"Yule ameacha njia!" Bwana Mbung'o akapaza sauti. "Mkamate!"

"Bwana, yule ni mama mkwe wangu. Ananiheshimu."

"Anakuheshimu kwa kujificha? Umewafundisha ndugu zako kukwepa kizuizi. Kibona! Kimbia!"

Kibona akakimbia, na wavu mkononi. Fikirini mama yule alichokiona kutoka kichakani: mwanamume wa kaki, wavu juu, anamjia mbio. Alipiga kelele ya banyama ambayo bado naisikia. Kikapu kikaanguka, unga wa ulezi wa uji wa mzazi ukamwagika wote, na yeye akatimka kurudi bondeni. Kibona alirudi na kuku aliyekuwa amefungwa kwenye kikapu, basi.

Bwana Mbung'o hakupandisha sauti tena. Alisema atarudi wiki inayofuata, na mama yule awe pale akaguliwe mbele ya macho yake. Asipokuwepo, niache kazi na nyumba.

Namwinga alikuwa amesikia kila kitu kutoka mlangoni.

"Mama yangu amefukuzwa kama nyani shambani," alisema. "Wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nimegeuza uso. Ningefanya nini? Nimfuate? Nimwite jina?"

"Hujui la kufanya kazini, hujui la kufanya nyumbani. Basi mimi nakwenda chini. Huko hakuna kizuizi."

Akamfunga Ana mgongoni, akashuka. Wanaoshuka hatukuwakagua. Nilisimama na wavu wangu nikamtazama mwanangu akienda, kichwa chake kidogo kikitikisika kwenye mbeleko, na kwa mara ya kwanza niliichukia kazi ile kwa moyo wote.

Siku zilizofuata nilifanya kazi kama mgonjwa. Nilimtuma mzee wa kanisa Momba kuniombea msamaha na kueleza alichotaka Bwana Mbung'o. Alirudi bila jibu; walimpa maji ya kunywa, wakamshukuru, wakanyamaza. Na Kibona niliacha kula naye.

"Ndugu yangu," aliniambia, "nilikimbia nimfikie kabla hajaumia."

"Na wavu mkononi?"

"Nilisahau kuutua."

Labda ni kweli. Mpaka leo, nikiwa katika hali nzuri, namwamini nusu.

Siku ya ahadi Bwana Mbung'o alifika mapema akaketi juu ya gogo. Lori la mahindi lilikuwa linasubiri, dereva wake amelala kwenye kivuli cha tairi. Mimi nilikuwa nimeshakunja blanketi langu nyumbani. Ndipo nikamwona Namwinga kwenye kona, Ana kifuani, na kwa mkono mmoja anamwongoza mtu aliyejifunika kaniki mpaka kichwani. Mtu huyo alikuwa anapanda kilima kinyumenyume.

"Anafanya nini yule?" Bwana Mbung'o akauliza. Dereva aliamka akaanza kucheka, Kibona akamwambia afunge mdomo.

Walipokaribia, Namwinga akasema kwa sauti ya kupeleka ujumbe, "Mama anauliza: kazi yenu ni kutazama uso au mgongo?"

"Mgongo," nikajibu.

"Basi anasema mgongo wake ndio huu. Uso wake ni wa kwake."

Mama mkwe alirudi nyuma hatua kwa hatua, akipapasa njia kwa kisigino, mpaka akafika mahali ambapo wavu ungeweza kumfikia. Hapo akatulia. Niliushika mpini mwisho kabisa. Kama ningemgusa, ningekuwa nimewapoteza wote. Na katikati ya mabega, juu ya kaniki nyeusi, alikuwa ametua mbung'o, mabawa yamelaliana kama mkasi uliofungwa. Nikafunika wavu, nikamtia chupani. Namwinga akaichukua chupa akazunguka nayo mbele, akamwonyesha mama yake.

Aliinamia chupa akamchunguza yule inzi. Kisha mama mkwe akasema, bila kumpa binti yake ujumbe, mgongo wake ukiwa bado kwangu:

"Baba, angalia na bega la kushoto. Hapo pameniwasha njia nzima."

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusemeshwa naye. Nilimkagua bega la kushoto kwa uangalifu ambao sikuwahi kuutumia hata kwa lori la serikali. Bwana Mbung'o aliitazama chupa, akanitazama mimi kana kwamba inzi yule nimemfuga mwenyewe kwa ajili ya siku hiyo, kisha akapanda lori lake. Jioni ile nyumba yangu ilinukia uji wa ulezi, na upande wa pili wa ukuta nilisikia mtu akimwimbia Ana kwa Kinamwanga. Nilikaa nje nikasikiliza. Sitaki kuwaficha, nililia.

Bwana Mbung'o mwingine aliyemfuata yule alinipa ruhusa, na sherehe ikafanyika. Nikahamishiwa kizuizi cha ndani zaidi huko Momba, kisha nikasimamia wafyekaji waliokata vichaka ambamo mbung'o huzaana, mwisho nikarudi pale pale Chapwa kuwafundisha wakaguzi wapya, hadi nikastaafu bendera ya Mwingereza ikiwa bado inapepea. Vijana wananiuliza kama niliipenda kazi. Niliipenda, ila tangu siku ile tu. Nilishika wavu nikiwa na uhakika kwamba nyuma yangu kuna nyumba iliyotulia, na uhakika huo ulinifanya nisimame juani kutwa nzima bila kunung'unika.

Wiki ile niliyostaafu, Namwinga akichambua maharage na mimi sina cha kukagua, nilimuuliza jambo ambalo sikuwa nimethubutu kuliuliza miaka yote.

"Mama asingekubali kuja siku ile, wewe ungerudi?"

Hakuinua macho kwenye ungo.

"Nisingerudi."

"Hata kwa ajili ya Ana?"

"Kwa ajili ya Ana hasa ndiyo nisingerudi," alisema, akaendelea kuchambua.

Nashukuru sikumuuliza mapema. Ningelijua hilo nikiwa kazini, nisingeweza kushika wavu hata siku moja zaidi.